Mkutubi aingie darasa la muziki?

Mwalimu wa taarab, Unguja:
Assalaam alaykum. Nasomesha historia ya taarab chuoni. Wanafunzi wananakili tu mtandaoni; mmoja kaandika mwimbaji Siti binti Saad alirekodi santuri zake za mwanzo Unguja, na hali alisafiri hadi Bombay, 1928. Inaniuma. Nimwite mkutubi?

Mkutubi:
Waalaykum salaam, mwalimu. Kuja mara moja hakutoshi. Tutunge kazi pamoja: kila mwanafunzi na santuri yake, asome lebo, msanii, kampuni, namba, kisha alinganishe na hifadhi ya Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Kutafuta nitawafunza mie, kusikiliza, wewe. Alama tutoe sote.

Mpiga ganuni:
Na wazee wa Nadi Ikhwan Safaa waulizwe! Klabu hiyo ya taarab ipo tangu 1905.

Mwalimu wa taarab:
Ahsanteni. Mkutubi, Jumatatu nakuja na silabasi.