Yuniti moja ya umeme ni nini, na nitapimaje matumizi yangu?

Mpangaji, Umoja
Wenzangu, naomba mnifafanulie jambo linalonisumbua. Ninaishi na mtoto wangu katika chumba kimoja chenye taa mbili, televisheni, jokofu dogo, pasi na birika la umeme. Mwezi uliopita nilinunua tokeni mara tatu, na kila nilipoingiza zile tarakimu 20, yuniti zilikwisha mapema kuliko nilivyotarajia. Jirani anasema ni jokofu, kwa kuwa halizimwi usiku wala mchana. Je, yuniti ni nini hasa, na nitajuaje kifaa kinachoimaliza?

Fundi wa umeme, Kariobangi
Dada, yuniti ni kilowati-saa moja, yaani umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Wati huzidishwa kwa muda, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu huangalia kimoja na kusahau kingine. Birika la wati 2,000 likichemsha kwa dakika 6 hutumia sehemu moja ya tano ya yuniti, ilhali taa ya wati 9 ingehitaji kuwaka zaidi ya saa 22 ili ifikie kiasi hicho. Jokofu nalo halivuti umeme mfululizo, kwani kompresa yake huwaka na kupumzika.

Hata hivyo, usikisie. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayomweka, na karibu nayo pameandikwa nambari pamoja na imp/kWh, kwa mfano 1000 au 1600. Hiyo ndiyo idadi ya mara ambazo taa humweka kwa kila yuniti. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja, hesabu kwa dakika moja, zidisha kwa 60, kisha ugawanye kwa nambari hiyo. Jibu ni kilowati.

Mama, Donholm
Kagua pia mpira wa mlango wa jokofu. Mimi nilibana noti ya shilingi mia mlangoni, nikaivuta, ikatoka bila kukwama hata kidogo; hewa ya joto ilikuwa ikiingia na kompresa haikuwa ikipumzika.

Msomaji, Kasarani
Tenganisha yuniti na shilingi. Fedha zilezile huweza kukupa yuniti chache zaidi mwezi mwingine, kwa sababu gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme na marekebisho ya fedha za kigeni hubadilika. Isitoshe, hapa Kenya bei ya yuniti hutegemea kundi la wastani wa matumizi yako ya mwezi katika miezi mitatu: hadi yuniti 30, zaidi ya 30 hadi 100, na zaidi ya 100.

Mpangaji, Umoja
Nawashukuru sana. Mita yetu iko ghorofa ya chini, kwa hiyo jirani huyohuyo alikaa chumbani akiwasha na kuzima nilipompigia simu. Mita ni ya 1600. Kwa birika nilihesabu 53, karibu wati 2,000 kamili kama fundi alivyosema. Kwa jokofu 2 tu, na kompresa ilipopumzika taa haikumweka kwa dakika tano nzima. Maji ya kuoga huwa tunayachemsha kwa birika hilo, mabirika mawili kwa kila mmoja asubuhi na jioni. Hayo ni manane kwa siku, zaidi ya yuniti moja na nusu.