Naomba ushauri: klabu imenihamisha daraja kwa sababu ya springi, nirudishe za kiwandani?

Mpita_Koni: Wakuu, heshima kwenu. Nipo Nebraska, Marekani, nakimbiza gari mbio za koni za SCCA, klabu ya Marekani ya mbio za magari: gari moja moja uwanjani, unashindana na saa. Msimu uliopita nilikuwa daraja la wanaoanza. Msimu huu klabu imekaza, kila gari linapangwa kama kitabu cha sheria kinavyosema. Civic yangu niliinunua mkononi ikiwa tayari na springi fupi. Mkaguzi alichungulia nyuma ya tairi, akaniondoa Street (daraja la magari yaliyobadilishwa kidogo tu) akanipeleka Street Touring (yaliyobadilishwa zaidi), na huko wenzangu wana rimu pana balaa. Nirudishe za kiwandani au nibaki? Bajeti inatosha jambo moja.

Fundi_Shokapu: Rudisha mkuu. Street unaruhusiwa kubadili shokapu, pedi za breki na stabilaiza moja (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), ya mbele au ya nyuma. Civic inavuta kwa mbele, hivyo weka nene nyuma, itakata kona vizuri. Springi ndiyo haiguswi. Za kiwandani zimejaa yadi za magari chakavu, bei chee. Chenji yote nunua matairi, ila soma ubavuni: namba ya uchakavu (treadwear) isiwe chini ya 200.

DadaLami: Naunga mkono, na piga hesabu ya kulinganisha madaraja. Muda wako unazidishwa kwa namba ya daraja. Mfano tu: daraja moja 0.79, jingine 0.81. Ukikimbia sekunde 60 unapata 47.4 au 48.6. Sekunde 1.2 zimeyeyuka na hujakosea popote!

Mzee wa Geti: Mimi napingana nanyi. Koni moja ukiiangusha ni sekunde 2, geti (nafasi ya kupita kati ya koni) ukilikosa mzunguko wote umekwenda. Kijana wa msimu wa pili anapoteza muda mwingi hapo kuliko kwenye springi. Abaki, hela alipie mbio nyingi zaidi, na aombe wazoefu wapande naye wamwelekeze.

Mpita_Koni: Mzee shikamoo, nimekuelewa, ila kwenye orodha ya daraja nitakuwa mkiani mwaka mzima, na hilo linaniuma. Fundi, shokapu zilizopo si za kiwandani. Zitapita?

Fundi_Shokapu: Zitapita kama kikalio cha springi kipo urefu uleule wa kiwandani. Kama zina nyuzi za kupandisha na kushusha gari, hakikisha kikalio kimekaa urefu huohuo. Pima kabla hujanunua chochote, na ukishafunga upya peleka alaimenti.

Mpita_Koni: Jumamosi naingia yadi. Nitaleta picha.