Beberu watatu wa kupandishia Mgeta, milima ya Uluguru, Morogoro: Saanen asiye na pembe, Toggenburg chotara au Kinorwe wa kijijini?

Mkulima_Nyandira
Wakuu, habari za majukumu. Nina majike sita, chotara wa Kinorwe (mbuzi wa maziwa kutoka Norwe) na mbuzi wa kienyeji, damu karibu nusu kwa nusu. Wanne hawana pembe, wawili wanazo. Uzito kilo 32 hadi 40. Lengo ni maziwa. Beberu wanaopatikana kwa sasa:

1. Saanen safi (mbuzi mweupe wa maziwa wa Uswisi), miaka mitatu, hana pembe. Sh. 20,000 kwa jike, unampeleka mwenyewe, mwendo wa saa moja na nusu.
2. Toggenburg (naye mbuzi wa maziwa wa Uswisi) chotara, damu ya Toggenburg asilimia 75, miezi 14, ana pembe. Sh. 10,000.
3. Kinorwe wa hapa hapa kijijini, miaka mitano, ana pembe. Anaazimwa mwezi mzima kwa gunia la pumba.

Yupi anafaa?

DaktariWaZizi
Mkuu, kabla ya aina ya mbuzi anza na vichwa. Wale wanne wasio na pembe usiwapeleke kwa namba 1. Kwa mbuzi wa maziwa wenye asili ya Ulaya, jeni inayoondoa pembe ndiyo inayoleta uhuntha (mbuzi kuwa si jike kamili wala dume kamili). Kitoto jike akiipata kwa baba tu au kwa mama tu, hana shida. Akiipata kwa wote wawili, anazaliwa huntha, tasa moja kwa moja, na hakuna dawa.

Jike mzima asiye na pembe huwa amebeba jeni hiyo mara moja tu, maana angeibeba mara mbili angekuwa huntha. Kama Saanen naye ameibeba mara moja, katika kila vitoto wanne waliotakiwa kuwa majike, tegemea mmoja kuharibika. Kama ameibeba mara mbili, ni nusu. Ukiona mtu analalamika kwamba beberu fulani "anazaa madume tu", mara nyingi ndani ya hayo madume kuna huntha.

Huntha utamjua akizaliwa: kwa nje ni jike, ila uke ni mdogo na kwenye ncha yake kuna kinundu kama punje ya maharage. Akikua ananuka kama beberu, anapanda wenzake, na joto (hamu ya kupandwa) halimjii.

Majike wawili wenye pembe hawana tatizo na Saanen huyo.

Mkulima_Nyandira
Asante daktari. Sasa nitajuaje kama Saanen hana pembe kwa kuzaliwa, au zilichomwa akiwa mdogo?

DaktariWaZizi
Mshike utosi. Aliyechomwa ana kovu mahali pa pembe, ngozi imegandana na mfupa, haisogei, na wakati mwingine kuna kipande kigumu kilichochomoza kwa sababu aliyechoma hakumaliza kazi. Asiye na pembe kwa kuzaliwa ana vinundu viwili laini vya mviringo, na ngozi inateleza juu yake. Kwa kitoto cha siku moja angalia manyoya: mwenye pembe ana vizingo viwili vya nywele, kimoja kila upande. Asiyekuwa nazo hana vizingo hivyo viwili.

Akiwa alichomwa, mhesabu kama mwenye pembe. Hapo majike wote sita wanaweza kwenda kwake.

ChotaraBora
Kwenye damu hesabu ni hivi. Jike mwenye asilimia 50 ya damu ya mbuzi wa maziwa wa kigeni, kwa beberu safi anatoa kitoto wa 75. Jike huyo kwa Toggenburg wa 75 anatoa 62.5. Mkimpeleka kitoto wa 75 kwa beberu safi tena mnapata 87.5. Kwa hiyo beberu chotara anakuchelewesha, na tena vitoto wake hutofautiana sana: mmoja anachukua kiwele cha bibi yake wa kienyeji, mwenzake anachukua cha Toggenburg.

Kama shida ni ada, peleka wawili tu kwa Saanen kila msimu.

MamaKiwele
Kaka, damu ya 87.5 bila majani ni mbuzi mkondefu mwenye jina kubwa. Beberu hakamuliwi, kwa hiyo muulize mwenye naye habari za MAMA yake: alitoa lita ngapi kwa siku, alikamuliwa miezi mingapi, uzao wa ngapi. Daftari lenye maziwa ya asubuhi na jioni lina thamani kuliko neno "safi".

Kisha mpindue beberu mwenyewe umkague chuchu. Ndiyo, beberu ana chuchu, mbele ya korodani. Ziwe mbili tu, zimeachana vizuri. Akiwa na tatu au nne, au moja iliyogawanyika ncha, mwache, hata awe mweupe kama theluji. Kasoro hiyo inarithiwa, na binti mwenye chuchu ya ziada iliyoshikana na ile kubwa anasumbua kukamua na kiwele kinaugua haraka.

Korodani nazo: zishikwe zote mbili. Ziwe sawa kwa ukubwa, ngumu kiasi kama msuli uliokazwa, zisiwe na uvimbe upande wa chini. Pima mzunguko kwa utepe wa fundi cherehani, beberu aliyekomaa awe na sentimita 25 kwenda juu.

Tchenzema_Juu
Namba 3 ana miaka mitano na amezunguka hapo kijijini muda wote huo? Majike wako ulinunua wapi? Wakiwa binti zake, vitoto watakuwa na damu ya ndugu kwa asilimia 25. Wakiwa dada zake wa baba mmoja, 12.5. Mbuzi wa Kinorwe waliletwa huku Mgeta kupitia SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) tangu miaka ya 1980, na beberu wachache wamezaa sehemu kubwa ya mbuzi tunaowaona leo. Soma hereni (kibandiko cha namba sikioni), na kama hana hereni wala daftari, mchukulie kuwa ni ndugu.

Kawaida beberu ahamishwe kituo kila mwaka mmoja na nusu hadi miwili, kabla binti zake hawajafikia kupandwa.

DaktariWaZizi
Naongeza la ugonjwa, maana huyo wa kuazimwa anakuja kulala zizini kwako. Homa ya mapafu ya mbuzi husambaa kwa pumzi, na beberu wa kukaa mwezi mmoja huna nafasi ya kumtenga wiki mbili au tatu kwanza. Uliza chanjo ya homa ya mapafu na ya sotoka ya mbuzi na kondoo, na tarehe zake. Kwa wote watatu afisa mifugo achukue damu ya kupima brusela (kutupa mimba). Majibu ya kipimo cha Rozi Bengali hutoka dakika chache tu. Brusela inampata na binadamu kwa maziwa mabichi, kwa hiyo msione ni gharama ya bure.

ChotaraBora
Toggenburg wa miezi 14 asipewe majike wengi. Mmoja kwa siku anatosha, na siku nyingine apumzike. Aliyekomaa ndiye wa majike 25 hadi 30 kwa msimu.

Mkulima_Nyandira
Nimewaelewa. Wenye pembe wawili waende kwa Saanen, wanne kwa Toggenburg akipita vipimo. Swali la mwisho: mwendo ni mrefu, nitajuaje joto bila beberu nyumbani?

MamaKiwele
Chukua kitambaa, msugue Toggenburg nyuma ya pembe, hapo ndipo harufu inapotoka. Kiweke kwenye kopo lenye mfuniko. Kila asubuhi na jioni fungua kopo mbele ya majike. Aliye kwenye joto atakuja kunusa, atapiga mkia upesi upesi na kulia. Joto hudumu saa 24 hadi 36. Ukimwona asubuhi mpeleke jioni, ukimwona jioni mpeleke asubuhi, na apandwe tena baada ya saa 12 ikiwezekana. Beberu akimaliza sawasawa hujirusha mbele mara moja kwa nguvu, na jike hukunja kiuno. Andika tarehe. Baada ya siku 18 hadi 22 fungua kopo tena. Akirudi kwenye joto, hakushika. Kubalianeni mapema kwamba kurudia ni bure, na iandikwe kwenye karatasi.

Tchenzema_Juu
Na tarehe yenyewe uichague. Mimba ni siku 150 hivi. Ukipandisha Februari vitoto wanaangukia Julai, baridi ya mlimani na ukungu, nimonia inawamaliza. Pandisha mwishoni mwa Mei hadi Juni, wazaliwe kuanzia mwisho wa Oktoba mvua za vuli zikileta majani mabichi. Wakati huo mwenye Toggenburg ampe beberu nusu kilo ya chakula cha ziada kwa siku, si zaidi. Pumba nyingi bila majani ya kutosha na maji humletea mawe kwenye njia ya mkojo. Ukimkuta anajikamua bila kutoa mkojo, siku hiyo asipande mtu, aitwe daktari.