Je, McCain alistahili kubebeshwa lawama za mtikisiko wa fedha wa 2008?

Mdadisi

Ndugu zangu, ninapitia upya kampeni za urais wa Marekani za mwaka 2008, na kuna jambo linanisumbua. Tarehe 15 Septemba, siku ambayo benki ya Lehman Brothers ilikwenda mahakamani kutangaza kufilisika, John McCain, mgombea wa Republican, alisimama Jacksonville, Florida, akasema kwamba misingi ya uchumi wa nchi ilikuwa imara. Kauli hiyo ilimwandama hadi siku ya kura. Wapinzani wake hawakuishia hapo. Walidai kwamba yeye na swahiba wake Phil Gramm, seneta mstaafu aliyekuwa mshauri wake wa uchumi, walikuwa miongoni mwa waliolegeza sheria za mabenki mpaka nyumba ikaporomoka. Watetezi wake wanajibu kwamba sheria hizo zilitiwa saini na Bill Clinton wa Democratic, na kwamba Joe Biden, mgombea mwenza wa mpinzani wake Obama, aliipigia kura ya ndiyo ile ya 1999. Je, mgombea aliyekuwa mmoja tu kati ya maseneta 100 anaweza kudaiwa kiasi gani katika janga kama hili? Naomba hoja zenye ushahidi; ushabiki tuuache kando.

Karani Mstaafu

Ndugu Mdadisi, tuanze na kumbukumbu za kura, kwa kuwa hizo hazina ushabiki. Sheria ya 1999, inayobeba majina ya Gramm, Leach na Bliley, iliondoa ukuta uliowekwa mwaka 1933 kati ya benki zinazopokea amana za wananchi na zile zinazocheza katika masoko ya hisa na hati fungani. Toleo la awali la Seneti lilipita mwezi Mei kwa kura 54 dhidi ya 44, vyama vikiwa vimegawanyika waziwazi. Lakini baada ya maridhiano, toleo la mwisho lilipita mwezi Novemba kwa kura 90 dhidi ya 8, na katika kura hiyo McCain hakupiga kabisa. Ukitaka kumhukumu mtu kwa karatasi ile, itabidi uwaite kizimbani wanachama wengi wa vyama vyote viwili kabla hujamfikia yeye.

Isitoshe, hata sheria yenyewe inasingiziwa mengi. Lehman na Bear Stearns zilikuwa benki za uwekezaji tangu mwanzo, na ukuta ule haukuwahi kuzizuia kununua mikopo mibovu ya nyumba. Washington Mutual, benki ya akiba na mikopo ya nyumba, nayo ilizama kwa kukopesha watu wasioweza kulipa, kazi ambayo haikuhitaji ruhusa ya mwaka 1999. Kwa maoni yangu, shtaka hili limekosea mlango.

Bi. Mizania

Nakubaliana na Karani kuhusu mlango. Wa kweli ni Sheria ya Disemba 2000 iliyohusu mikataba ya fedha inayouzwa nje ya masoko rasmi, na hapo naomba tutulie kidogo, maana wengi huipita mbio.

Chukua mfano wa AIG. Kampuni hiyo kubwa ya bima ilikuwa na kitengo kidogo cha fedha chenye ofisi London na Connecticut. Benki inakuja na hati zilizofumwa kutokana na maelfu ya mikopo ya nyumba, inakubali kulipa ada ndogo kila mwaka, na AIG inaahidi kwamba hati zikiharibika itafidia hasara. Mtu yeyote mwenye macho angeiita bima. Lakini kisheria haikuwa bima, kwa hiyo hakuna aliyeilazimisha AIG kutenga akiba ya kulipia ahadi hizo. Haikuwa bidhaa ya soko lenye mdhibiti. Na sheria ya 2000 ilikwenda mbali zaidi, ikazizuia serikali za majimbo kutumia sheria zao za kamari dhidi ya mikataba ya aina hiyo. (Mtunga sheria anapoona haja ya kuandika kwamba jambo fulani lisihesabiwe kuwa kamari, msomaji ana haki ya kushtuka.) Daraja la mikopo la AIG (kipimo cha uwezo wake wa kulipa madeni) liliposhushwa Septemba 2008, wateja wake walidai dhamana taslimu kwa mkupuo, na kesho yake Benki Kuu ya Marekani ikalazimika kutoa mkopo wa hadi dola bilioni 85.

Onyo lilikuwapo. Mwaka 1998 Brooksley Born, aliyeongoza tume ya serikali inayosimamia masoko rasmi ya mikataba ya namna hiyo, alipendekeza mikataba hii ichunguzwe, akapingwa na Alan Greenspan wa Benki Kuu pamoja na Robert Rubin, waziri wa fedha wa Clinton. Gramm alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Benki ya Seneti sheria ilipopita. Ndiyo maana naona deni la McCain liko katika uchaguzi wake wa mshauri. Mwaka 1996 aliongoza kampeni ya Gramm ya kuwania urais; miaka 12 baadaye akamkabidhi uchumi wa kampeni yake mwenyewe, hadi Gramm alipojiondoa Julai 2008 baada ya kusema kwamba Marekani imekuwa taifa la walalamishi.

Mkongwe wa Magazeti

Bi. Mizania amegusa penyewe, ila picha ya McCain ina pande zinazogongana. Mwaka 1987 alikuwa mmoja wa maseneta watano waliokutana na wadhibiti kwa ajili ya Charles Keating, mwenye taasisi ya akiba na mikopo iliyoanguka mwaka 1989. Kamati ya maadili ilimwona alikosa busara, ingawa ilisema alihusika kidogo. Mwaka 2006 aliunga mkono muswada wa kuzibana Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni kubwa zilizoanzishwa na serikali kununua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, jambo ambalo mtu aliyechukia udhibiti wa kila aina asingelifanya. Kisha, katika toleo la Septemba na Oktoba 2008 la jarida la wataalamu wa hesabu za bima, akaandika kwamba ushindani katika bima ya afya ufunguliwe kama ulivyofunguliwa katika mabenki. Wakati huohuo mabenki hayo yalikuwa yakianguka.

Mdadisi

Nawashukuru. Bi. Mizania, McCain mwenyewe alipiga kura gani kwa ile sheria ya 2000?

Bi. Mizania

Hapo ndipo penye kero. Muswada ulipita Baraza la Wawakilishi Oktoba 2000 ukakwama Seneti, kisha Disemba ukapachikwa ndani ya furushi la bajeti ya serikali. Seneti ililipitisha furushi hilo kwa ridhaa ya wote, bila kuita majina, kwa hiyo hakuna orodha ya ndiyo na hapana ya kumsomea yeye wala seneta mwingine yeyote. Jina la McCain tunalikuta mwaka 2013, akiungana na Elizabeth Warren, seneta wa Democratic, kupeleka muswada wa kuurudisha ukuta wa 1933.