Strati baa ya Forester SG5: mtumba ya Japani, mpya ya alumini, au nitengenezeshe kwa fundi?

Kona za Lushoto

Wakuu na kina dada, salaam. Nina Subaru Forester SG5, ile ya turbo. Njia yangu ya kila wiki ni Mombo kupanda Lushoto, wanaoijua wanaijua: kona juu ya kona, huku mwamba, huku korongo. Kabla hamjaanza kunipeleka huko, shokapu za mbele ni mpya, bushi za arm mpya, linki za stabilaiza mpya, matairi mazima, alaimenti imepigwa. Gari imetulia. Tatizo limebaki moja: nikiwa katikati ya kona ya kubana nikakutana na shimo, pua inasita kwanza ndiyo inafuata usukani, na dashibodi inalia upande wa kioo.

Nataka kufunga strati baa mbele, lile bomba linalounganisha vichwa vya shokapu mbili ndani ya boneti. Mezani nina vitu vitatu. Cha kwanza ni Cusco, baa ya mtumba ya Kijapani, bomba bapa la alumini na pleti za chuma, imepauka rangi lakini haijapinda. Cha pili ni mpya, alumini, haina jina, rangi ya bluu inayong'aa, ncha zake zimeungwa kwa boliti moja moja kila upande. Cha tatu, kuna fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, amesema ataniundia ya chuma kwa elfu themanini, pleti na rangi humo humo.

Sitafuti pambo la kufungulia boneti kijiweni. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

Mzee wa Mark X

Kijana, weka hiyo hela kwenye mafuta. Mimi nilifunga kwenye Mark X, GRX120, tena siyo ya bei rahisi. Nimetoka nayo Dar mpaka Iringa, nimepanda Kitonga, sikuona tofauti yoyote zaidi ya watoto wa gereji kuipigia picha. Hizi baa ni biashara tu.

Kalamu na Rula

Shikamoo Mzee. Kwa Mark X uko sahihi, ila usiihamishie Forester hukumu hiyo.

Mark X, Crown, Altezza, Mark II za GX100 na GX110, zote hizo mbele zina wishiboni mbili, yaani mikono miwili ya kushika gurudumu, wa juu na wa chini. Kona ikibana, nguvu ya pembeni inaingia kwenye bodi kupitia mikono hiyo. Shokapu pale inabeba uzito wa wima tu, kwa hiyo juu yake msukumo wa kwenda upande ni mdogo. Ukifunga baa pale umefunga mlango usiopitiwa na mtu.

Forester, Impreza, Corolla, Vitz, IST, RunX na Premio zina mfumo wa MacPherson mbele. Humo hakuna mkono wa juu. Shokapu yenyewe ndiyo inayoshikilia gurudumu lisilale, na kichwa chake kimefungwa kwenye kile kikombe cha bati ndani ya boneti. Kwenye kona kikombe kinasukumwa upande. Bati likinyumbuka, pembe ya gurudumu inabadilika kidogo, na dereva anaisikia kama huko kusita unakokusema. Baa inaunganisha vikombe viwili ili kimoja kisisogee bila mwenzake.

Kwa hiyo swali la kwanza siyo baa ipi. Swali ni gari yako ina MacPherson au haina. SG5 inayo, mbele na hata nyuma.

Mzee wa Mark X

Marahaba. Basi aliyeniuzia angeniambia hivyo siku ile.

Boxer wa Nairobi

Niaje wadau. Huku kwetu Subaru ziko kila mtaa kwa hivyo hii stori tumeimaliza mara nyingi, lakini bado watu wananunua ile ya bluu.

Kona za Lushoto, kwa SG5 ya turbo kuna jambo moja wengi hulisahau: interkula, kile kipoozeo cha hewa ya turbo. Inakaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Baa ya Forester isiyo na turbo huenda isipite pale. Ukiletewa baa yoyote, uliza kwanza kama imetengenezewa turbo, kisha uilinganishe na urefu kutoka interkula hadi boneti iliyofungwa. Bandika vijidonge vya udongo wa kuchezea watoto juu ya interkula, funga boneti polepole, fungua, pima unene uliobaki. Hiyo ndiyo nafasi yako yote.

Hiyo ya bluu yenye boliti moja kila ncha, mimi siitaki hata kwa zawadi. Iko na kiungo. Kikombe kikitaka kujisokota, baa inazunguka nacho, haikizuii. Inachokizuia ni vikombe kukaribiana au kuachana, na hapo tena inategemea boliti imebana vipi.

Usichanganye hiyo na ile ya STI, kitengo cha michezo cha Subaru, yenye kiungo katikati, wanayoiita ya kunyumbuka. Ile kiungo chake kimewekwa kwa makusudi: inakaza kwa upande lakini inaacha bodi icheze juu na chini, usukani usiwe mgumu kupita kiasi barabara ikiwa mbovu. Ukiipata mtumba ya saizi yako, ichukue kabla ya Cusco. Lakini bei yake, wueh.

Kalamu na Rula

Ngoja niweke namba, maana hapa ndipo watu wengi wanapobishania rangi na jina.

Chukua bomba la chuma la kawaida, kipenyo cha nje mm 25, unene wa ukuta mm 2, urefu mita moja, limenyooka. Lisukume kutoka nchani kwa nguvu ya uzito wa kilo 300 hivi, yaani niutoni 3000. Litafupika kwa kama mm 0.1. Kwa maneno mengine halifupiki. Na mpaka lije lipinde lenyewe kwa kusukumwa, ni karibu tani mbili.

Sasa bomba hilo hilo lipe mgongo, likunjwe ili likwepe interkula, katikati liwe limepanda mm 60. Nguvu ile ile, ncha zikiwa huru kuzunguka, zitakaribiana kwa karibu mm 3. Ni mara thelathini. Halifanyi kazi ya nguzo tena, linafanya kazi ya upinde. Chuma laini hapo kinaanza kukaribia kikomo chake cha kurudi kilipokuwa.

Ndiyo maana baa nzuri za turbo zina bomba nene au bapa lililosimama: likishakunjwa, kinachokuokoa ni umbo, siyo uzito. Ukitoka mm 25 kwenda mm 32 kwa unene ule ule, uzito unaongezeka kwa theluthi, ukakamavu wa kukataa kukunjika unazidi mara mbili.

Alumini ni nyepesi mara tatu kuliko chuma, lakini pia inanyumbuka mara tatu zaidi kwa umbo lile lile. Cusco wanalijua hilo, ndiyo maana bomba lao ni pana. Hiyo ya bluu, kutokana na picha uliyoweka, ni nyembamba tu, na ina mgongo juu yake.

Na mwisho boliti. Boliti ya mm 8 ndani ya tundu la mm 8.5 ina nafasi ya nusu milimita. Ikilegea kidogo tu, kikombe kinatembea nusu milimita kabla baa haijaamka. Bomba lilikuwa linafupika 0.1! Hapo utajadili alumini na chuma mpaka kesho.

Fundi Chuma

Nimesoma yote. Mimi ni wa Gerezani ila siyo huyo aliyekupa bei, kwa hiyo sina upande.

Elfu themanini inawezekana, swali ni anafanyaje. Muulize haya kabla hujampa hata mia.

Pleti za vikombe ziwe mm 4 au 5, zikatwe kwa kufuata kadibodi iliyopimwa kwenye gari yako, siyo kwenye gari ya jirani. Kushoto na kulia havilingani sawasawa. Tundu za stadi, zile boliti zinazotokeza juu ya kikombe, zitobolewe kwa drili, zisipanuliwe kwa moto wala kwa grenda. Ukiona tundu limekuwa yai, kataa.

Pleti zifungwe kwanza kwenye vikombe, gari iko chini kwenye sakafu iliyonyooka, imesimama kwa matairi yake yote manne, siyo kwenye jeki. Bomba liwekwe juu, lipigwe vidonda viwili vitatu vya kushikia tu, halafu kitu chote kitolewe kikachomelewe mezani. Anayechomelea moja kwa moja ndani ya boneti atakuunguzia nyaya, na betri asipoitoa atakuulia kontroboksi, ile kompyuta ya gari.

Ukichomelea upande mmoja mpaka mwisho, bomba linavutwa. Ukirudisha kwenye gari tundu hazikutani, na fundi mvivu atalazimisha kwa nyundo. Hapo umefunga baa inayosukuma vikombe usiku na mchana, hata gari ikiwa imelala. Achomelee kidogo huku, ahamie kule, aache ipoe. Mashine ya kuchomelea ya CO2 ni bora kuliko ya vijiti kwa bomba lenye ukuta wa mm 2.

Sehemu inayokatika siyo bomba. Ni pale bomba linapokutana na pleti. Aweke kipande cha pembetatu kila upande, kisimame wima. Ukiona baa yenye bomba nene kama nguzo ya umeme halafu pleti yake imekunjwa kona bila kipande cha kushikilia, ujue imeuzwa kwa macho.

Na jamani, ile nati kubwa ya katikati juu ya shokapu usiiguse. Hiyo ndiyo inayoizuia springi. Unafungua zile ndogo za pembeni peke yake, gari ikiwa chini. Nimeona kijana ameshika spana ya ile ya katikati, nikampigia kelele mtaa mzima ukageuka.

Dada wa Fielder

Samahani kwa kuingilia. Nina Fielder, na kuna mtu aliniambia baa hii ukigongwa upande mmoja inaharibu pande zote mbili. Ni kweli au ni maneno ya kijiweni?

Kalamu na Rula

Dada, kuna ukweli ndani yake. Kikombe cha kushoto kikisukumwa kwa nguvu ya ajali, baa inapeleka sehemu ya nguvu hiyo kulia. Gonga dogo halifiki huko. Gonga la kulitoa gurudumu mahali pake linaweza kufika. Ikitokea, kabla ya kupiga alaimenti wapime vikombe vyote viwili, wasipime kilichogongwa tu.

Na kwa Fielder ya mizunguko ya mjini na matuta, sikushauri uinunue kabisa. Angalia bushi za arm kwanza.

Boxer wa Nairobi

Kuna njia ya kujua kama unaihitaji kabla ya kutoa pesa. Tafuta vipande viwili vya bomba jembamba, kimoja kiingie ndani ya kingine bila kukwama. Kila kimoja kifunge kwenye kikombe chake kwa nati moja ya stadi. Pale vinapoingiliana, visha lile la ndani kipete cha mpira kinachobana, mfano kile cha oringi, ukisukume hadi kigusane na mdomo wa bomba la nje. Endesha njia yako ya kawaida. Vikombe vikikaribiana, bomba la nje linakisukuma kipete, na likirudi linakiacha hapo. Ufa unaobaki ndiyo msogeo wako.

Nilifanya hivyo kwa Impreza yangu. Barabara ya lami safi ufa hauonekani vizuri hata kwa tochi. Kona yenye shimo, unaingiza wembe. Barabara ya mawe ndiyo ilinishangaza, ufa ulizidi wa kona zote. Kumbe hivi vikombe vinafanya kazi zaidi kwa mashimo kuliko kwa mbio.

Mzee wa Mark X

Na magari ya rally je? Mbona sioni wanajadili baa?

Boxer wa Nairobi

Mzee, gari ya rally ina mabomba ya usalama yaliyochomelewa ndani ya bodi nzima, na mengi yanafika mpaka kwenye vikombe vya shokapu. Baa ya kununua kwao ni kitu kidogo. Ukienda Naivasha wakati wa Safari Rally, chungulia kwenye kambi ya mafundi, utaona.

Kona za Lushoto

Nimerudi. Nimejaribu ile ya mabomba mawili. Lami ya Mombo hakuna kitu, ila kuanzia zile kona za juu zenye viraka, kipete kimehama na ufa unaonekana kwa macho bila wembe. Kwa hiyo tatizo lipo, siyo hisia.

Nimepima interkula kwa udongo kama alivyosema Boxer, nafasi ni ndogo kuliko nilivyodhani. Ile ya bluu imegusa boneti, biashara yake imeishia hapo. Cusco imepita, mgongo wake ni mdogo na bomba ni bapa. Nimemuuliza wa Gerezani kuhusu CO2 na vipande vya pembetatu, akasema baa haina haja ya mambo yote hayo. Naelekea kwa Cusco. Kuna la kuangalia kwa mtumba?

Fundi Chuma

Ilaze juu ya vikombe vya gari yako bila kuikaza. Pleti zote mbili zilale bila kutikisika. Ikitikisika, huenda imepinda.

Chunguza tundu za pleti kama zimelika. Pitisha ukucha kwenye maungio, ufa wa nywele unausikia kabla hujauona. Boliti zake za kuunganisha pleti na bomba usitumie za zamani, nunua mpya za daraja la uimara 8.8 zenye sehemu isiyo na nyuzi inayojaza tundu.

Ukishaweka pleti juu ya kikombe, hesabu nyuzi za stadi zinazotokeza juu ya nati. Lazima zitokeze angalau mbili. Kama nati inameza stadi yote na bado uso wake umebaki mtupu juu, pleti ni nene kwa stadi zako, simama hapo hapo, usifunge. Na hizo nati ni ndogo, usizikaze kama za gurudumu, tumia spana ya kipimo na namba ya kitabu cha gari.

Kona za Lushoto

Stadi zinatokeza tatu upande wa kulia. Kushoto ni moja na nusu.

Fundi Chuma

Kushoto kuna nini chini ya pleti? Rangi ya kupuliza au washa (kipete cha chini ya nati) ya mtu? Toa, usafishe mpaka bati, upime tena.