Ushauri: Nipange vipi bajeti ya leseni ya urubani binafsi nisikwame katikati?

Jicho_la_Tai:
Habari zenu wakuu. Nimeajiriwa, mshahara wangu ni wa kawaida ila hauyumbi, na kwa muda sasa naweka akiba kwa jambo moja tu: kusomea leseni ya urubani binafsi, ile PPL. Sitafuti ajira. Najua leseni hii hairuhusu kulipwa kwa kurusha ndege. Nataka kuruka mwenyewe, na ipo siku nimpandishe mama yangu.

Chuo nilichokiulizia kinatangaza kifurushi cha saa 40 za kuruka. Akiba yangu imefika kama theluthi mbili ya bei hiyo. Mke wangu akaniuliza, "Hiyo ndiyo bei yote?" Sikuwa na jibu. Naombeni mnisaidie: nianze sasa na kujazia kwa mshahara, au nisubiri? Na ni gharama zipi ambazo tangazo haliziweki wazi?

Bawa_la_Kushoto:
Mkuu, shemeji ameuliza swali lenyewe hasa. Saa 40 ni kima cha chini cha kukuruhusu kufanya mtihani, haina maana kwamba utamaliza ndani ya saa hizo. Kima hicho kimewekwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: saa 40, au 35 ukisoma kwa mtaala ulioidhinishwa. Marekani wanakifuata kima hicho, Ulaya wanadai 45. Lakini huko Marekani kwenyewe wanafunzi wengi humaliza wakiwa na saa 60 hadi 75.

Kwa mtu mwenye ajira kama wewe, piga hesabu ya saa 65. Chukua bei ya saa moja ya ndege, zidisha kwa 65. Kisha chukua bei ya saa moja ya mkufunzi, zidisha kwa 50 hivi, maana saa zilizobaki utakuwa peke yako. Theluthi mbili ya kifurushi cha saa 40 maana yake akiba uliyonayo inakufikisha kwenye saa 26 hivi tu. Katika saa hizo wengi wamesharuka peke yao mara ya kwanza na ndiyo wanaingia kwenye safari za masafa. Ni mahali pabaya mno pa kuishiwa, kwa sababu ujuzi bado mchanga na unapotea haraka.

Mchana_Kweupe:
Mimi nasema aanze, wakuu. Haba na haba hujaza kibaba. Kila mwezi somo moja au mawili, mwisho atafika. Wangapi wamesubiri fedha itimie mpaka umri ukawapita?

Mkufunzi_wa_Alfajiri:
Kaka Mchana, haba na haba ni ya kuweka akiba. Kwenye kuruka haifanyi kazi. Kazi yangu ni kufundisha, na hili naliona kila msimu: anayekuja mara mbili au tatu kwa wiki huendelea pale alipoishia, anayekuja mara moja kwa mwezi hutumia nusu ya somo kukumbuka lililopita. Wote wanalipa saa nzima. Mwaka ukiisha, yule wa pili amelipia saa nyingi zaidi na bado hajaruka peke yake. Kinachopandisha gharama kuliko bei ya mafuta ni kukatiza mafunzo.

Kwa hiyo Jicho, anza leo na yale yasiyohitaji ndege. La kwanza ni kipimo cha afya cha daraja la pili, kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga. Usilipe ada yoyote kabla ya hicho, maana tatizo la macho au moyo likigundulika baadaye fedha imeshakwenda. Kisha nadharia: hali ya hewa, sheria za anga, uongozaji njia, mawasiliano ya redio. Soma jioni ukiwa nyumbani. Angalia tu matokeo ya mtihani yanadumu muda gani; Marekani, kwa mfano, ni miezi 24. Ukifaulu mapema mno na fedha ya kuruka haijatimia, unaweza kujikuta unaurudia.

Bawa_la_Kushoto:
Naongezea ya kuuliza chuoni. Bei ya saa ina mafuta ndani au unajaza mwenyewe? Na saa inahesabiwa kwa mita ipi? Mita ya Hobbs kwa kawaida huhesabu tangu injini inawaka, hata mkiwa mmesimama mnasubiri ruhusa ya kuruka. Mita ya mizunguko ya injini huenda polepole injini ikizunguka taratibu. Kwa saa 65, tofauti hiyo si ndogo.

Tena uliza ni ndege gani. Cessna 152 yenye viti viwili hunywa lita 23 hivi kwa saa, 172 yenye viti vinne hunywa 32 hivi, na bei hufuata hapo. Ila 152 haibebi uzito mkubwa. Kama wewe na mkufunzi wako ni watu wa miili, mahesabu ya uzito yatawakatalia mkiwa na tangi lililojaa.

Nyota_ya_Kusini:
Kaka yangu, nakusihi usilipe kifurushi chote kwa mkupuo hata ukishawishiwa kwa punguzo. Nilisoma na kijana aliyelipa kila kitu siku ya kwanza, chuo kikafungwa kabla hajafika nusu, na fedha hazikurudi. Inaniuma hadi leo nikimkumbuka. Lipa saa tano, kumi, ukizimaliza ongeza. Akiba yako ikae benki kwa jina lako.

Na usisahau ada za kutua viwanja vingine. Kuna safari ya lazima ya kuruka peke yako isiyopungua kilomita 270, ukitua na kusimama kwenye viwanja viwili tofauti na ulikoanzia. Halafu kuna ada ya mtahini, ndege ya siku ya mtihani, hedseti, ramani, vitabu, bima, na ada ya leseni yenyewe. Mimi nilivitengea fungu lake kabisa, mbali na saa za kuruka.

Jicho_la_Tai:
Ahsanteni sana, dada Nyota umenifungua macho. Naanza na daktari, kisha nadharia, na akiba naendelea kuijaza mpaka ifikie saa 65 ndipo niruke mfululizo. Mkufunzi, simuleta ya nyumbani, ile programu ya kompyuta ya kuigiza kurusha ndege, inapunguza gharama?

Mkufunzi_wa_Alfajiri:
Saa zake haziingii kwenye kitabu chako cha kuandikia saa za kuruka, ila inasaidia kuzoea orodha za ukaguzi na mtiririko wa mawasiliano. Hata kiti cha kawaida na picha ya dashibodi ukutani vinatosha kwa hilo. Ukija kwenye ndege unajua mkono unakwenda wapi, na dakika za injini hazipotei. Usibane kwenye masomo ya kutua upepo ukivuma ubavuni. Hayo lipia mpaka mkufunzi wako aridhike.

Tenga pia fedha ya miezi ya baada ya leseni. Kwingi huruhusiwi kubeba abiria kama hujaruka na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita.

Na kabla hujachagua chuo, uliza wana ndege ngapi za mafunzo. Kama ni moja, ikiingia kwenye ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka au ikisubiri kipuri, nyote mnakaa, na ule mfululizo ulioupangia fedha unakatika.