Taa za dari ya jipsamu iliyoshushwa: nizamishe, nining'inize au nizungushe mkanda?

Mjenzi Mpya
Habari zenu wakuu. Fremu za chuma za dari ya sebule yangu zimekwisha kufungwa na bodi za jipsamu zitapigwa wiki ijayo, kwa hiyo nimebaki na siku chache tu za kuamua juu ya taa. Chumba kina mita 4 kwa 5, kimeungana na jiko dogo, na kati ya zege na bodi itabaki nafasi ya sentimita 8. Fundi amependekeza taa 16 za kuzama, za wati 7 kila moja, safu nne kwa nne. Mke wangu anataka taa kubwa ya kuning'inia katikati, nami nilidhani mkanda wa LED ukizungushwa pembeni utatosha. Naomba ushauri wenu.

Fundi Waya
Ndugu, kabla ya kuhesabu matundu, hesabu mwanga. Taa ya LED ya wati 7 hutoa takribani lumeni 600 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), hivyo 16 zitakupa lumeni 9,600. Sebule huridhika na laksi 150 hivi, yaani lumeni 150 kwa kila mita ya mraba, ambazo kwa chumba chako ni 3,000. Ukizidisha mara moja na nusu kwa ajili ya mwanga unaomezwa na kuta, mapazia na vumbi, unapata 4,500, sawa na taa 8. Hizo nane za ziada utazikumbuka kila ukijinyoosha kwenye kochi.

Jambo la pili ni kina. Sentimita 8 hazitoshi taa zinazotumia balbu ya GU10, ile ndogo ya kubadilishwa yenye pini mbili nyuma, kwa kuwa balbu, holda na mkunjo wa waya hudai sentimita 10 au zaidi. Chagua zile nyembamba zenye LED ndani yake, ila ujue kwamba ikiungua hubadilishi balbu, unabadilisha taa nzima. Nunua mbili za akiba mapema, maana ukija kukosa yenye kipenyo kilekile, tundu la jipsamu hupanuka lakini halipungui.

Mama Watatu
Naongezea kuhusu jiko, kwa sababu huko ndiko nilikokosea. Taa zangu zilipangwa katikati ya chumba, zikapendeza kweli kutazama, lakini nikisimama kwenye meza ya kukatia zinabaki nyuma yangu, na kivuli cha kichwa kinaangukia ubao palepale kisu kinapopita. Zipange juu ya ukingo wa mbele wa meza, au uweke mkanda chini ya kabati za ukutani. Rangi ya mwanga nayo iangalieni pamoja: kelvini 3,000 (mwanga wa manjano) sebuleni na 6,500 (mweupe wa kibuluu) jikoni, bila ukuta katikati, huonekana kama nyumba mbili zilizogombana.

Msimamizi wa Ujenzi
Mheshimiwa mkeo anaweza kupata taa yake, mradi isifungwe kwenye bodi. Taa nzito hubebwa na ndoano iliyokazwa kwenye zege lenyewe, na ndoano hiyo lazima iwekwe sasa, kabla dari haijafungwa. Mkanda pekee hautoshi kusomea, kwa kuwa mwanga wake hugonga dari kwanza ndipo urudi chini. Ukiutaka, chukua wa volti 24 badala ya 12, kwa sababu ule wa 12 ukiwa mrefu huanza kufifia kuelekea mwishoni. Draiva yake, yaani kifaa kinachoupa mkanda umeme wa volti hizo, iwekwe mahali mkono unapofika, kwa mfano juu ya tundu la taa mojawapo. Nimewahi kuona dari nzuri ikikatwa kwa msumeno kumtafuta mgonjwa mmoja wa ukubwa wa kiganja.

Mjenzi Mpya
Nashukuru sana. Nimekubaliana na fundi: taa 8 za kuzama, ndoano moja katikati, na mbili za ziada juu ya ukingo wa meza ya jikoni. Je, zote ziwe kwenye swichi moja?

Fundi Waya
Hapana. Weka swichi tatu: zile nane, ya katikati, na za jikoni. Kisha piga picha ya waya zote zilivyopita, na futi ya kupimia ionekane pichani, kabla bodi ya kwanza haijapanda.